Mandari ya Sheli

Tulitoka Mabela kabla jua halijaamka vizuri,
sufuria la pilau limefungwa kwa kanga mbili
na kuwekwa miguuni pa Shinuna, alilinde kama yai.
Wiki nzima ilikuwa wadi, wadi, wadi.

Mundhir, miaka minne, kavaa maboya ya mikononi
tangu kitandani, kakataa kuyavua hata kwa chai,
akaketi garini kapanua mbawa, kuku aliyelowa.
Raiya akatapika tulipoipita Amerat,
pale barabara inapoanza kujisokota milimani.
Khalfan akasema, "Hiyo baraka."
Nikampa kitambaa: haya, ifute baraka yako.

Lakini wadi, jamani!
Maji ya kijani, kijani cha chupa,
mawe meupe yamepata moto kama vigae vya mkate,
na visamaki vyembamba vinakuja kuonja visigino.
Mundhir alitia dole gumba moja tu.
"Vinanila!"
Akanipanda mgongoni hadi kichwani, na maboya yake.
Halafu akataka tena. Halafu akalia. Halafu akataka.
Akavipa jina, vyote jina moja: Hilali.

Baba mtu anasawazisha kokoto atandike mkeka,
Shinuna akaja, na sauti ya mtu asiyetaka kuharibu:
"Mama, lile wingu."
Mbali, nyuma ya mitende, juu ya jabali,
doa jeusi, kadiri ya kiganja.
Hapa kwetu jua linatuchoma utosi.
"Mwalimu kasema mvua ikinyesha kule,
maji yakifika huku hayapigi hodi."

Khalfan akacheka. Kidogo. Kisha akaacha.
Mie nilikuwa natazama ukuta wa mwamba,
juu ya kichwa changu, juu ya kichwa chake,
makuti makavu yamekwama ufani
na mfuko wa duka, umechanika, unapepea.
Nani aliuweka kule juu?
Mkono wangu ukaanza kukunja mkeka.

Kutoka ni kazi kuliko kuingia.
Nikahesabu: mmoja, wawili, watatu, sufuria.
Ndara moja ya Mundhir ikabaki majini,
akaililia kama maiti.
Khalfan akageuka kuifuata, hatua mbili,
nikamwita kwa jina lake, na la babake, na la babu yake.
Akarudi.

Na wingu? Halikufanya kitu.
Tulilitazama tuko juu barabarani,
likachanika, likaenda zake
kama mgeni aliyekosea nyumba.
Shinuna hakufungua mdomo mpaka Kuriyati.
Nilipeleka mkono nyuma, nikamshika goti.

Njaa haina adabu. Tukaingia sheli,
tukatandika ubavuni mwa duka, penye kivuli
na harufu ya mpira na mafuta.
Pilau bado lafuka moshi.
Kijana wa pampu akatuletea barafu kwenye kikombe,
akapewa sahani, akala amesimama, jicho kwenye magari.
Mundhir akauvumbua mpira wa kujazia upepo,
akajipuliza uso, akampuliza Raiya,
Raiya akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.
Kisha bomba la kuoshea vioo:
dimbwi la vidole vitatu, lina rangi za dizeli,
na humo, na maboya yake, na ndara moja,
mwanangu akaogelea.

Ijumaa hii nimewauliza, twende wapi?
"Sheli!"
Wawili wamepiga kelele, hata yule asiyejua kusema.

Shinuna alingoja usiku, taa imezimwa.
"Mama. Nikiliona tena, na likawa la uongo tena?"
Nikamwambia, tutakunja mkeka tena.
"Na pilau?"
Pilau halijali linaliwa wapi.
Akanyamaza kidogo, anapima.
"Lakini ndara," akasema, "mnunulieni nyingine."